Rezini ya Mwanga, Epoksi, Supa Glu au Vanishi: Ipi Ifae Chambo cha Manyoya katika Bahari ya Mombasa?

Mvuvi wa Mombasa anayejifungia mwenyewe chambo cha manyoya, yaani ndoana iliyofungwa manyoya au nywele kwa uzi ili iige windo la samaki, awe anawafuata kolekole katika hori za Tudor na Mtwapa au anatoka nje ya mwamba wa Nyali kuwatafuta nguru na mzia, hufika mahali ambapo uzi peke yake hautoshi. Nguru hukata uzi kwa ng'ato moja, matumbawe hukwaruza kichwa cha chambo kila kinapogusa chini, na maji ya chumvi hupenya kila penye ufa. Hapo ndipo huhitajika gundi ya kufunika mafundo, kushikiza macho na kujenga kichwa kigumu kinachong'aa. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilifanywa na epoksi ya tyubu mbili na vanishi. Siku hizi imeingia rezini inayogandishwa kwa tochi ya mionzi ya urujuanimno, na wanaoanza huambiwa kwamba imemaliza habari ya vingine vyote. Haijamaliza. Ninaipenda na ninaitumia kuliko kitu kingine chochote mezani kwangu, lakini ina sharti moja lisilo na msamaha: huganda pale tu mwanga unapofika. Atakayelishika sharti hilo ataona mwenyewe wapi aitumie na wapi achukue epoksi, supa glu au vanishi.

Kinachotokea gundi inapoganda

Rezini ya mwanga ni majimaji ya jamii ya akrilati yaliyotiwa kichocheo kinachoamshwa na mwanga. Mionzi ya urujuanimno, au ya zambarau iliyo jirani nayo, yaani kati ya nanometa 365 na 405 hivi, huvunja kichocheo hicho na kuanzisha mfululizo wa muungano kati ya molekuli, na baada ya sekunde chache kilichokuwa majimaji huwa kitu kigumu, kiangavu. Kabla ya kuwasha tochi hakuna kinachoharakisha kazi yako. Unaweza kulisogeza jicho lililokaa upande, kutoboa kiputo cha hewa kwa ncha ya sindano, au kufuta yote kwa kitambaa chenye spiriti na kuanza upya, na rezini itakungoja.

Epoksi haingoji. Mara tu rezini yake inapokutana na kigandishaji kutoka tyubu ya pili, saa imeanza kwenda, na hakuna namna ya kuisimamisha. Fadhila yake ni kwamba muungano huo hautegemei mwanga wala hewa, kwa hiyo huganda hadi ndani kabisa, iwe chini ya nywele nyeusi, iwe katikati ya donge, iwe ndani ya mrija.

Supa glu, ambayo ni sayanoakrilati, hugandishwa na unyevu mdogo ulio juu ya kitu chenyewe na hewani. Ni nyepesi kama maji, hunywewa na uzi, na kazi yake ni kushika wala si kujenga umbo. Vanishi, pamoja na rangi angavu ya kucha inayofanana nayo, hukauka kwa kuvukiza kiyeyushi chake, na ndiyo maana hunywea inapokauka na huhitaji kupakwa mara mbili tatu kabla ya kuonekana imejaa.

Joto na unyevu wa pwani

Maelezo yaliyoandikwa kwenye pakiti za gundi hizi hudhani chumba chenye joto la nyuzi 20 hadi 25 za Selsiasi. Mombasa mwezi wa Machi, kaskazi ikiwa imetulia na kipimajoto kimepita nyuzi 30 hata kivulini, ni hali nyingine. Kanuni ya makadirio katika kemia ni kwamba joto likipanda kwa nyuzi 10, kasi ya muungano huongezeka takriban maradufu, kwa hiyo epoksi iliyoandikwa dakika tano inaweza kukupa karibu nusu ya muda huo kabla haijaanza kuvuta nyuzinyuzi kama asali. Isitoshe, epoksi yenyewe hutoa joto inapoungana, na ikiachwa imerundikana ndani ya kifuniko cha chupa hujipasha na kuganda mapema zaidi. Dawa yake ni kuitandaza nyembamba juu ya kipande cha kadibodi kilichofunikwa kwa plastiki, ili joto litoke. Anayefunga asubuhi na mapema, au usiku kunapopoa, atapata nafasi nzuri zaidi kuliko anayefanya kazi saa nane mchana chini ya mabati.

Unyevu una madhara yake vilevile. Baadhi ya vigandishaji vya epoksi huacha utando wenye mafuta juu ya uso pale hewa inapokuwa na unyevu mwingi. Utando huo huoshwa kwa maji ya sabuni, lakini usipooshwa, tabaka la pili halitashika. Vanishi hupata ukungu mweupe, kwa sababu kiyeyushi kinapovukiza haraka huupoza uso na mvuke wa hewani hutua juu yake. Supa glu hufurahia unyevu wakati wa kushika, ila mvuke wake huacha vumbi jeupe juu ya manyoya meusi na macho ya kung'aa, na tyubu iliyokwisha kufunguliwa haidumu. Ukiihifadhi katika kopo linalofunga barabara pamoja na vifuko vya silika, vile vya kukausha vinavyokuja ndani ya masanduku ya viatu, utaongeza maisha yake.

Rezini ya mwanga haijali unyevu, na hii ni sababu kubwa ya mimi kuipendekeza kwa mtu wa pwani. Wakati wa kufunga, joto huigusa kwa njia moja tu: huifanya iwe nyepesi zaidi, hivyo rezini ya uzito wa wastani hutiririka kwenye manyoya kama ile nyepesi. Mchana wa joto kali mimi huchukua ile nzito.

Kuna zawadi nyingine ambayo mvuvi wa Mombasa anayo na wengi wa nchi za baridi hawana, nayo ni jua. Mji huu uko nyuzi 4 hivi kusini mwa ikweta, na mionzi ya urujuanimno ya adhuhuri ni mikali mwaka mzima. Chambo kilichogandishwa kwa tochi, kikitolewa nje dakika chache, hukamilika kuganda na kupunguza kunata. Lakini jua hilohilo litagandisha rezini ndani ya chupa iliyosahauliwa karibu na dirisha, kwa sababu kioo cha kawaida hupitisha sehemu kubwa ya mionzi inayohusika. Chupa nyeusi, kabati lenye giza, na kifuniko kinachorudishwa kila baada ya tone ni mambo ya lazima. Hata mwanga wa tochi unaorudi kutoka kwenye jiliwa linalong'aa, kile kibano kinachoshika ndoana wakati wa kufunga, huweza kuziba ncha ya chupa iliyoachwa wazi pembeni.

Kichwa cha samaki mdogo

Mahali ambapo tofauti huonekana wazi kuliko pote ni kwenye chambo kinachoiga samaki wadogo wa jamii ya simu na dagaa, ambao kolekole huwakusanya na kuwapiga maji yanapojaa. Umbo lake ni jembamba, mwili karibu uone upande wa pili, kichwa kigumu na jicho kubwa. Mtindo wa kufunika kichwa na sehemu ya mwili kwa gundi angavu ulienezwa na Bob Popovics wa New Jersey, Marekani, kwa chambo chake kiitwacho Surf Candy, ambacho alikitengeneza kwa epoksi ili kistahimili samaki wenye meno makali wa pwani ya kwao. Haja yake ndiyo haja yetu.

Kwa epoksi, kazi huenda hivi. Nywele za plastiki zimekwisha kufungwa kwenye ndoana ya chuma cha pua, macho yamebandikwa, na mchanganyiko uko tayari. Unapaka kwa kijiti, unavuta gundi kuelekea nyuma ili nywele zibane, kisha unaanza kuzungusha jiliwa na huruhusiwi kuacha, kwa sababu ukiacha gundi itashuka tumboni na kichwa kitakuwa na kidevu. Ukiona kiputo dakika ya tatu, mara nyingi umechelewa. Ndiyo maana wafungaji wa epoksi hutumia gurudumu linalozungushwa polepole na mota ndogo, na hapa ndipo epoksi inapoishinda rezini: mwenye kufunga vyambo kumi vinavyofanana huchanganya mara moja, hupaka vyote, huvichomeka kwenye gurudumu na kwenda kula. Matokeo ni uso laini usio na alama hata moja, kwa sababu gundi ilipata muda wa kujisawazisha.

Kwa rezini, unatia tone jembamba la ile nyepesi ili liingie kati ya nywele zilizo nyuma ya tundu la ndoana, unamulika sekunde mbili, na nywele zimeshakaa. Unaweka jicho la kwanza na chembe ndogo ya rezini, unalitazama kwa mbele na kwa juu, unamulika. Kisha la pili, na sasa unalilinganisha na la kwanza bila wasiwasi kwamba lile litateleza. Ndipo unapaka rezini ya wastani juu ya yote, unazungusha jiliwa polepole huku ukiangalia jinsi gundi inavyojaza bonde lililo kati ya jicho na uzi, na pale tu umbo linapokuridhisha unamulika upande mmoja, wa pili, juu na chini, sekunde tano au zaidi kila upande. Chambo kimoja kinakamilika kabla hujashika ndoana nyingine. Anayefunga vichache kwa uangalifu, au anayejifunza, atafanya kazi nzuri zaidi kwa njia hii, na mimi sioni sababu ya kumtesa mwanafunzi kwa epoksi.

Tahadhari mbili zinahusu kichwa kinene. Ya kwanza ni kwamba tone kubwa likimulikwa kwa tochi kali huganda kwa fujo, hupata joto la kutosha kuunguza ncha za nywele za plastiki, na huweza kupasuka ndani. Jenga kwa matabaka ya milimita moja au mbili. Ya pili ni kunata: oksijeni ya hewani huzuia muungano kwenye ngozi ya juu kabisa, hivyo hata rezini iliyoganda vizuri huweza kubaki na utando wa kunata kwa kidole. Futa kwa pamba yenye spiriti, au paka tabaka moja jembamba la vanishi. Zipo rezini zilizotengenezwa zisinate, na tofauti ya bei yake ni halali.

Kuhusu uimara, rezini ngumu inapopigwa kwenye mwamba huelekea kumeguka vipande, ilhali epoksi nzuri huvumilia kipigo zaidi. Kwa mkia au mgongo unaotakiwa kupinda, tumia rezini laini inayouzwa kwa kazi hiyo, kwa kuwa ile ngumu itavunjika pale inapokutana na nywele zinazocheza. Epoksi na rezini zote mbili hugeuka manjano kwa jua na umri, na epoksi ya haraka ndiyo mbaya zaidi. Kwenye chambo cheupe hilo huonekana, kwenye cha rangi ya mchanga halina maana.

Pale mwanga usipofika

Chukua chambo cha mtindo wa Clouser Minnow, uliobuniwa na Bob Clouser wa Pennsylvania, ambacho hubeba macho mazito ya chuma yaliyofungwa juu ya mti wa ndoana, yaani sehemu yake iliyonyooka, ili kizame haraka na ndoana igeuke juu, jambo lenye manufaa makubwa juu ya matumbawe. Macho hayo yakilegea na kuzunguka, chambo huogelea kwa ubavu na samaki hukipuuza. Wengi humimina rezini juu ya fundo hilo na kumulika, na kwa nje huonekana limeshika. Chini ya chuma, ambako kivuli hakiondoki, rezini imebaki maji. Baada ya siku kadhaa hutoka taratibu, huacha doa la mafuta kwenye nywele nyeupe, na macho yanaanza kucheza. Hapa kazi ni ya supa glu: tone moja kwenye uzi kabla ya kuweka macho, jingine kwenye fundo la msalaba baada ya kukaza, na ndipo rezini ije juu kama ngao tu.

Hali ni hiyohiyo kwa uzi mweusi, kwa singa nene za mkia zilizotiwa rangi iliyokoza, na kwa rezini iliyochanganywa na rangi au unga wa kumetameta, kwa sababu rangi humeza mwanga kabla haujafika chini. Chambo cha kaa, ambacho tumbo lake hubeba uzito uliofunikwa kwa gundi yenye rangi ya mchanga wa mikokoni, nakifanya kwa epoksi siku zote. Ninaichanganya nzito, ninaikoroga pamoja na rangi, ninaipaka tumboni na kuibonyeza kwa kidole kilichovaa glavu na kuloweshwa maji. Rezini haina nafasi hapo.

Kumbuka pia kwamba hakuna gundi kati ya hizi inayoshika vyema chuma cha pua kilicho kitupu na laini. Zungushia uzi kwanza, na manyoya ya kuku uliyoyatoa nyumbani uyaoshe kwa sabuni uondoe mafuta, kisha uyakaushe.

Tochi ni nusu ya rezini

Malalamiko mengi kuhusu rezini, kwamba inanata, inanuka, haigandi, hutokana na tochi. Tochi ndogo zinazotumiwa madukani kukagua noti hutoa mwanga wa zambarau hafifu, mara nyingi wa nanometa 395 hivi. Huweza kugandisha ngozi ya juu ya rezini fulani na kuacha ndani majimaji. Kinachotakiwa ni mambo mawili kwa pamoja: urefu wa wimbi unaolingana na ule uliotajwa na mtengenezaji wa rezini, na nguvu ya kutosha. Tochi yenye betri kubwa ya kuchajiwa huhifadhi nguvu kwa muda mrefu, na umeme ukikatika jioni kazi haisimami. Ishike sentimita mbili au tatu kutoka kwenye chambo, kwa kuwa ukiongeza umbali nguvu hupungua haraka.

Taa za saluni za kucha za jeli, ambazo zimejaa mjini, nyingi hutoa mwanga wa nanometa 365 na 405 kwa pamoja, na hugandisha vizuri rezini nyingi za chambo. Huwezi kuishika mkononi kufunga hatua kwa hatua, lakini kama sanduku la kukamilishia vyambo kadhaa ni nzuri sana. Jeli yenyewe ya kucha, hasa ile angavu ya tabaka la mwisho, ni ya jamii hiyohiyo ya akrilati, na kwa kichwa kidogo cha uzi inafaa bila shida. Rezini ya mashine za kuchapa vitu vya plastiki (3D) siipendekezi: nyingi hubaki dhaifu zikitandazwa nyembamba, hunuka, na ni kali kwa ngozi.

Jaribio la tochi ni rahisi. Dondosha tone la milimita tatu hivi juu ya mfuniko wa plastiki, mulika sekunde kumi, kisha libandue na uligeuze. Bonyeza upande wa chini kwa kijiti. Ukiwa mgumu, tochi na rezini vinapatana. Ukiwa na utelezi, hakuna muda wa kumulika utakaokuokoa kwenye chambo chenyewe, badilisha tochi.

Ngozi na macho

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Akrilati ambayo haijaganda inaweza kuufanya mwili uichukie, na mzio huo ukishaingia kwa kawaida hauondoki. Unaanza kwa ncha za vidole kuwasha na kupasuka, na unaweza kukufuata hadi kwa daktari wa meno, kwa sababu vijazio vya meno hutumia kemikali za ukoo huohuo. Epoksi, hasa kigandishaji chake, ina hatari inayofanana. Vaa glavu za nitrili, usifute rezini mbichi kwa kidole, na karatasi zenye mabaki zianikwe juani zigande kabla ya kutupwa, zisiende baharini zikiwa mbichi. Tochi usiitazame, hata ule mng'ao wake kwenye ndoana, na miwani ya polikaboneti ya mafundi husaidia kuzuia mionzi ya urujuanimno, ingawa ile angavu huweza kupitisha mwanga wa zambarau. Supa glu ikimwagika kwenye pamba hutoa joto la kuunguza, kwa hiyo usiifute kwa kitambaa cha pamba kilicho mapajani mwako.

Cha kununua kwanza

Supa glu na rangi angavu ya kucha hupatikana karibu kila duka, na epoksi ya tyubu mbili iko kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Rezini ya chambo mara nyingi huagizwa kutoka nje, na kwa gramu ni ghali kuliko epoksi. Kwa anayeanza na pesa kidogo, supa glu na rangi ya kucha zitamfungia vyambo vinavyovua samaki, na asione haya. Akiwa na kiasi cha kuongeza, anunue tochi nzuri kabla ya kufikiria aina za rezini, kisha chupa moja ya rezini ya wastani, ambayo hufanya kazi za nyepesi na za nzito kwa kiwango cha kuridhisha. Epoksi ifuate pale atakapoanza kufunga kaa, au vyambo vingi vya namna moja kabla ya msimu wa kaskazi. Aliyekwisha kuwashwa na akrilati aachane na rezini na supa glu hadi amwone daktari wa ngozi, afunge kwa vanishi, na akubali kupaka mara tatu. Na mwenye kufunga vyambo vichache tu kwa mwezi achague chupa ndogo ya rezini hata kama kubwa ina nafuu ya bei, kwa sababu katika joto letu chupa iliyofunguliwa haikai vizuri kwa muda mrefu, na ile nusu iliyobaki itakuwa imegeuka uji mzito kabla hajaigusa tena.